Na Jino Langu Je?

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, pwani hii ya kaskazini ya Dar es Salaam. Kesi nyingi nilizoandika zilikuwa za ngumi, fimbo na panga: watu waliumia, lakini walibaki hai. Moja sijaisahau. Mvuvi wa Mlingotini, kijiji cha Bagamoyo, alipigwa kafi mdomoni kwa ugomvi wa jarife lililokatwa. Akaenda polisi, akapewa fomu ya PF3, tabibu akaijaza: jino moja la mbele limeng'oka. Mshtakiwa alikiri, akatozwa faini, akalipa. Watu walipokuwa wanatawanyika, mvuvi akanijia mezani.

"Bwana karani, fedha ile inakwenda wapi?"

"Serikalini, mzee wangu."

Akafunua mdomo, akanionyesha pengo. "Na jino langu je?"

Swali lile ndilo lililonifanya niitafute historia ya sheria ya kujeruhi.

Kabla ya Wajerumani, ugomvi kama huo Bagamoyo ungefikishwa kwa liwali au kadhi. Kadhi wa madhehebu ya Shafi alikuwa na kipimo chake: diya ya uhai wa mtu ni ngamia 100, jicho moja 50, kidole 10, jino 5, na jeraha la kichwa lililofika mfupani 5 vilevile. Ngamia wakikosekana, hulipwa thamani yao. Diya ilikuwa mali ya aliyeumizwa. Kuidai au kusamehe kulikuwa juu yake. Lakini Bagamoyo ilikuwa pia bandari ya watumwa, na jeraha la mtumwa lilihesabiwa kwa bei yake sokoni, malipo yakaenda kwa bwana wake. Mtumwa naye angeweza kuuliza swali la mvuvi wangu.

Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi 1891. Amri ya Kansela wao ya Aprili 1896 iliweka ukomo wa viboko 25 kwa mara moja, na mara ya pili baada ya wiki mbili. Mwarabu na Mhindi hawakuchapwa. Mwajiri aliweza kumshtaki mtumishi wake kwa uvivu, naye akachapwa kwa amri ya serikali. Wazee waliikumbuka adhabu hiyo kwa jina la hamsa ishirini. Serikali ndiyo iliyokuwa inajeruhi, na migongo ile haikuwa na wa kuidai.

Waingereza walianza na Kanuni ya Adhabu ya India mwaka 1920, kisha 1930 wakaleta Kanuni ya Adhabu ambayo ndiyo msingi wa tuliyo nayo leo. Vifungu vyake nilivijua kwa namba kama wavuvi wanavyozijua bamvua. Shambulio la kawaida ni 240, mwaka mmoja. Shambulio la kudhuru mwili ni 241, miaka 5, sawa na kifungu cha 47 cha sheria ya Uingereza ya 1861. Kujeruhi ni 228. Kudhuru vibaya ni 225, miaka 7. Na aliyekusudia madhara hayo makubwa hukutana na 222, ambayo ukomo wake ni kifungo cha maisha.

Ni ngazi nzuri. Inatofautisha kofi na panga, bahati mbaya na kusudio, wala haiulizi kabila la mtu. Ila jina la kesi lenyewe husema: Jamhuri dhidi ya fulani. Kwa Waingereza, mdai ni mfalme. Aliyeng'olewa jino amebaki shahidi.

Hata hivyo mlango upo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inairuhusu mahakama kuwapatanisha watu katika shambulio la kawaida, na sheria zetu zinamruhusu hakimu kuamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumizwa. Siku ile mvuvi hakuomba, kwa kuwa hakujua. Mimi nilijua. Nilikuwa naandika stakabadhi ya faini, na sikufungua mdomo.

Nimestaafu sasa. Watu bado huja barazani kwangu, mkono umefungwa bandeji, PF3 mfukoni, wakiniuliza kesi itakuwaje. Sijui, nawaambia. Lakini nenda na risiti za hospitali, hesabu siku ulizokosa kwenda baharini, na umwambie hakimu unaomba fidia. Sema kabla hajasoma hukumu.