Timu Ni Moja au Ni Wengi?

Msomaji wa Kiswahili akikuta gazeti la London limeandika "the team are", huona kosa. Si kosa. Katika Kiingereza cha Uingereza, nomino ya jamii kama "team" au "committee" hukubali kitenzi cha umoja mwandishi anapofikiria kundi zima, na cha wingi anapofikiria watu waliomo. Wamarekani hupendelea umoja, ingawa zamani hata nchi yao waliihesabu kwa wingi: Marekebisho ya 13 ya Katiba, ya mwaka 1865, yanaitaja kwa kiwakilishi "their". "Police" haina hiari hiyo. Ni wingi tu, London hata Chicago, nasi hapo hatupati shida, maana husema polisi wamefika.

Kinachotukwaza ni ngeli. Kwetu ngeli ya neno ndiyo inayoamuru: kamati imegawanyika, hata wajumbe wakishikana mashati. Mazoea hayo tunayabeba hadi kwenye Kiingereza na kuyaita sheria. Mwalimu atauliza, basi mtihani usahihishwe vipi? Kwa uthabiti. Anayeanza na "has" kisha akaruka kwenye "have" kwa kamati ileile, bila maana kubadilika, akatwe alama. Aliyeshika njia moja aachwe. Wapo watakaosema umoja ni salama zaidi. Mara nyingi ndiyo, lakini jaribu kuandika kwa umoja kwamba timu inavaa jezi yake: wachezaji 11 wataonekana wamejibana ndani ya jezi moja.