Alastair Sim: Mwalimu wa Sauti Jukwaani

Alastair Sim alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1900. Baba yake alikuwa mshonaji nguo. Tangu 1925 hadi 1930 alifundisha ufasaha wa kusema katika New College, chuo cha wachungaji. Mwaka 1930 alianza uigizaji London kwa dhima ndogo ya mjumbe katika Othello, ambamo Paul Robeson alikuwa mhusika mkuu.

Elimu ile ya sauti haikupotea. Kwayo alimpa uhai bahili Scrooge katika filamu ya 1951, na mwaka 1954 aliigiza mwalimu mkuu wa kike na kaka yake pia. Mwaka 1948 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walimchagua rekta wao kwa kura. Alifariki mwaka 1976.