Bahari ya Milola

Kama umewahi kufika Milola unajua kuwa hapa hakuna bahari. Bahari iko Lindi mjini. Sisi ni watu wa ufuta, korosho na mihogo.

Basi msimu uliopita niliandika habari ya mnada wa ufuta, nikaituma kwa simu kwenye gazeti moja. Ikatoka, jina langu juu, na aya ya kwanza eti Milola ni kijiji cha wavuvi kando ya bahari! Kijiweni walinicheka wiki nzima. "Vipi mvuvi, leo nguru wangapi?" Nilipompigia mhariri alinijibu bila haya kwamba habari ilipitishwa kwenye akili mnemba ili "inyooshwe". Mashine imesoma Lindi, ikaleta bahari.

Babu hakucheka. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo bahari nani kaiona?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye historia ya magazeti yetu. Msimulizi lilipoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888, chini ya misheni ya UMCA, habari zake zilitoka kwa watu waliokuwa vituoni, mpaka Masasi na Newala huku kwetu kusini. Mtu aliona, akaandika barua, barua ikasafiri. Ilichelewa, ndiyo, lakini ilikuwa na mwenyewe. Likaja Kiongozi la Tanga zama za Mjerumani, kisha Mambo Leo la serikali ya Mwingereza mwaka 1923, ambamo Shaaban Robert alichapisha mashairi yake. (Wenzangu mnaoota vitabu, oneni alikopitia.) Zikafuata taipureta, kompyuta, simu. Zote zilimpunguzia mtu kazi ya mkono. Hii mpya inaongeza na maneno yake yenyewe.

Wakubwa nao wamechemsha. Shirika la habari la AP la Marekani lilianza mwaka 2014 kuachia mashine taarifa za mapato ya makampuni, kazi ya tarakimu tupu, na sioni ubaya. Lakini Mei 2025 Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma, kumbe 10 havijawahi kuandikwa! Waandishi wa kweli, vitabu vya uongo. The New York Times lenyewe lilikwenda mahakamani Desemba 2023 kuwashtaki OpenAI na Microsoft kwa kutumia makala zake bila ruhusa. Hapa nyumbani Nukta Africa ya Dar es Salaam inawafundisha waandishi kuitumia akili mnemba, na mimi ningependa kujifunza, sikatai.

Ila kinachoninyima usingizi ni hiki: kesho mashine nyingine ikilisoma gazeti lile, itakuta Milola ina bahari, na shahidi ni mimi.

Nimeshaandika habari ya pili, ya kisima cha shule. Nimemwambia mhariri anirudishie niisome kabla haijachapwa. Bado hajajibu.