Orkestra ya Kinshasa: kutoka uhamisho wa Wakimbangu hadi simfoni

Tangu mwaka 2023, kila tarehe 6 Aprili ofisi na shule hufungwa nchini kote, Uvira vilevile, kwa kumkumbuka Simon Kimbangu. Wengi hupumzika siku hiyo wakijua tu kwamba alikuwa nabii wa Bas-Congo na kwamba Wabelgiji walimfunga. Wachache wanajua kwamba ni mjukuu wake aliyeanzisha Orkestra ya Simfoni ya Kimbangu ya Kinshasa, kundi la watu wa kawaida wanaopiga Beethoven baada ya kutoka kazini.

Habari yenyewe inaanza mbali na violini. Mwezi wa nne mwaka 1921, katika kijiji cha Nkamba, Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Watu waliacha kazi za wazungu wakaenda kumsikiliza, na serikali ya mkoloni ikaogopa. Alikamatwa mwezi wa tisa. Tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu kifo, naye hakuwa na wakili hata mmoja. Mfalme Albert wa Kwanza aligeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani miaka 30 hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Wafuasi wake nao hawakuachwa. Familia ziling'olewa katika vijiji vyao na kutupwa mbali: Oshwe, Ekafera, Kasaji, na hata Lowa, kando ya mto Lualaba, upande wa mashariki. Baba, mama na watoto walijikuta kwenye udongo wasioujua, kati ya watu wa lugha nyingine, bila kuambiwa siku ya kurudi. Sheria ya mkoloni ilikuwa na jina lake la jambo hilo. Aliyekimbia nyumba yake na sasa analala kwa ndugu, shuleni au kanisani hahitaji kutafsiriwa.

Mtu anayehamishwa kwa nguvu hachukui vitu vingi. Wakimbangu walichukua nyimbo. Kwao wimbo wa kanisa hautungwi mezani: mtu huupokea, katika ndoto au katika maombi, kisha anawapa wengine. Wimbo wa namna hiyo askari hawezi kuukamata njiani. Tena kuna jambo ambalo watu wa ziwani, waliozoea ngoma tangu tumboni, huenda wakashangaa kulisikia: Kimbangu alikataza ngoma na dansi. Basi nguvu yote ambayo kwingine ingeingia katika ngozi ya ngoma iliingia katika sauti, na baadaye katika filimbi na fanfari za tarumbeta. Kanisa lilipotambuliwa rasmi tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru, waumini walikuwa wameshazoea kuimba kwa wingi na kwa sauti zilizogawanywa. Toka hapo hadi simfoni si mbali sana kama inavyodhaniwa.

Hatua hiyo ilifanywa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Baba yake, Joseph Diangienda, mwana wa Kimbangu, aliongoza kanisa hadi alipofariki mwaka 1992. Armand alikuwa rubani wa ndege, na kazi hiyo ilimponyoka. Muziki alikuwa amejifunza zaidi kwa juhudi yake mwenyewe. Amesema kwamba wazo la orkestra lilitoka kwa baba yake, aliyetamani kanisa liwe nayo.

Ulikuwa wakati mbaya wa kuanza jambo kama hilo. Kinshasa ilikuwa imeporwa mara mbili, mwaka 1991 na mwaka 1993, na pesa ya Mobutu ilikuwa inaoza mfukoni. Violini zilikuwa chache kuliko wanafunzi. Mmoja alishika chombo dakika 15 au 20, akampa mwenzake, naye akakaa kando akimtazama. Waya wa violini ulipokatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Karatasi za muziki zilinakiliwa kwa mkono, nota kwa nota, sehemu ya kila mpigaji peke yake. Albert Matubanza, aliyepiga kontrabasi, chombo kile kikubwa kinachosimama kimo cha mtu, alijifunza mwenyewe kuviunda, kwa sababu kununua hakukuwezekana.

Hapa watu huuliza swali, na si swali baya: kwa nini watu wenye njaa wahangaike na muziki wa Wajerumani waliokufa zamani?

Jibu moja liko ndani ya muziki wenyewe. Simfoni ya tisa ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1824, iliingiza kwaya mahali palipokuwa pa vyombo peke yake. Waliomfuata katika karne ile, akina Bruckner, Tchaikovsky na Mahler, walizidi kuongeza watu. Simfoni ya nane ya Mahler, mjini Munich mwaka 1910, ilikusanya waimbaji na wapigaji zaidi ya 1,000. Ni muziki usioweza kupigwa na mtu mmoja hodari. Unadai umati, na umati uliozoea kusikilizana ndio utajiri ambao Wakimbangu walikuwa nao tayari. Hawakuwa na vyombo; watu walikuwa nao.

Jibu la pili linatoka kwa Antonín Dvořák. Huyu alitoka Bohemia, nchi ndogo iliyotawaliwa na Waaustria, akaenda New York mwaka 1892 kuongoza shule ya muziki. Huko alimsikiliza kijana mweusi, Harry Burleigh, aliyemwimbia nyimbo za watumwa. Babu yake Burleigh alikuwa mtumwa aliyejinunulia uhuru wake, naye ndiye aliyemfundisha mjukuu nyimbo hizo. Dvořák hakuzinakili; alitunga zake kwa roho ileile, na tarehe 16 Desemba 1893 simfoni yake ya tisa, inayoitwa ya Dunia Mpya, ikapigwa katika ukumbi wa Carnegie. Sehemu yake ya pili ni ya polepole, zumari moja lenye sauti nzito likiimba karibu peke yake. Anayeisikia redioni usiku akiwa mbali na kwao hatahitaji kuelezwa. Kwa hiyo muziki huu si mali ya wazungu peke yao kama wengine wanavyodai. Sauti ya mtu mweusi aliyetolewa kwao kwa nguvu imo ndani yake.

Orkestra ilikuwa bado changa vita vilipowaka huku Uvira na bonde la Ruzizi, mwaka 1996. Tarehe 17 Mei 1997 vita hivyo viliingia Kinshasa, Mobutu akiwa ameshaondoka. Agosti 1998, mwezi uleule Uvira ilipotekwa tena, waasi walishika bwawa la Inga na kuzima umeme wa mji mkuu, na mapigano yakafika upande wa uwanja wa ndege wa Ndjili. Kundi lilipita katikati ya hayo yote bila kuvunjika.

Ulimwengu ulilijua hasa mwaka 2010, Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walipotoa filamu yao Kinshasa Symphony. Wanaonekana watu wapatao 200, wapigaji na waimbaji, wakijifunza simfoni ya tisa ya Beethoven kwa Kijerumani, lugha ambayo hakuna anayeisema nyumbani. Umeme unakatika muziki ukikaribia sehemu ya mwisho. Kwa mtu wa Uvira hilo si jambo la kusimulia. La kusimulia ni maisha ya wapigaji: mmoja ni fundi wa umeme na tena kinyozi, anapiga viola, ndugu mkubwa wa violini, na taa zikizimika ni yeye anayekimbilia nyaya. Mwingine ni mama anayemlea mtoto peke yake. Anapiga filimbi, na siku nzima anazunguka mjini akitafuta chumba ambacho bei yake anaweza kuilipa. Hiyo sehemu ya filamu inauma kuliko muziki. Jioni anafika mazoezini.

Sifa zilifuata. Mwaka 2013 chama cha muziki cha Royal Philharmonic Society cha London kilimpa Diangienda uanachama wa heshima, na mwaka 2014 orkestra ilisafiri hadi Uingereza kupiga huko. Mshahara wa mpigaji haukutoka kwenye heshima hizo. Wengi waliendelea na soko, karakana na saluni zao.

Diangienda naye alianza kutunga. Simfoni yake moja aliipa jina Mon identité, yaani utambulisho wangu. Ni jina zito kwa mjukuu wa mtu aliyekufa gerezani Lubumbashi, mwisho mwingine wa nchi, mbali sana na Nkamba. Wapigaji wanaijifunza kama walivyojifunza Beethoven, uani, baada ya kazi, wakiwa na karatasi zao mbele.