Nyumba Njema Si Mlango

Tamthilia ya The Sopranos, iliyoanza kurushwa na HBO nchini Marekani tarehe 10 Januari 1999, hufunguliwa na safari ya gari. Mwanamume mnene mwenye sigara nene mdomoni anachomoza kutoka Lincoln Tunnel, njia ipitayo chini ya mto, akiiacha New York mgongoni. Anachukua tiketi ya barabara ya kulipia, anapita matangi ya mafuta na mabomba ya viwanda, bucha la nyama ya nguruwe, nyumba zilizobanana, kisha nyumba zenye nafasi kidogo, hadi anapanda kilima cha North Caldwell na kuegesha mbele ya jumba lake. Safari hiyo haimalizi dakika 2. Waitaliano wa New Jersey kaskazini iliwachukua vizazi vitatu. Wengi wameichukulia tamthilia hii kuwa kisa cha jambazi ambaye, kwa bahati tu, ana mke, watoto na mama mkorofi. Mimi naona jumba lile la mwisho wa safari ndilo kisa chenyewe. Mafia ilikuwa biashara ya mtaa, na iliyoidhoofisha kuliko adui yeyote ni neema yake yenyewe, iliyowatoa wenye biashara mtaani na kuwakalisha penye majani yaliyokatwa na bwawa la kuogelea.

Mtaa uliokuwa kitovu cha mambo uliitwa First Ward, katika mji wa Newark. Mwishoni mwa karne ya 19 ulijaa wahamiaji kutoka Italia ya kusini, na kanisa lao la St. Lucy's lilianzishwa mwaka 1891. Mhamiaji asiyejua Kiingereza, asiyekopesheka benki, na ambaye yeye na polisi hawakuaminiana, alihitaji mtu wa kumkopesha, wa kumwamulia ugomvi na wa kumtafutia kibarua. Mtu huyo alipatikana kwenye kona, na aliyekukopesha kwa riba ya kukunyonga ndiye huyo huyo aliyefika kuchangia msiba wako. Marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933 iliwageuza wababe wa kona kuwa matajiri. Hapo Newark, Ruggiero Boiardo, aliyejulikana kama Richie the Boot, aligombea soko la magendo na Abner Zwillman, Myahudi aliyeinukia mtaa wa Third Ward, hadi walipopatana mwaka 1930. Ukiitazama biashara yao kwa jicho la mfanyabiashara, ilisimama juu ya mafiga matatu: mtaa ambamo kila mtu anamjua mwenzake, wenye maduka madogo wasio na pa kushtakia, na vijana wasio na njia nyingine ya kupanda juu. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika.

Wa kwanza kuliondoa walikuwa wakubwa wenyewe. Boiardo alijijengea jumba la mawe huko Livingston, mbali na moshi wa Newark, na humo uwanjani akasimamisha sanamu yake mwenyewe akiwa juu ya farasi, imezungukwa na sanamu za vichwa vya jamaa zake, zote zimepakwa rangi. David Chase, aliyeibuni The Sopranos, alikulia New Jersey hiyo hiyo, na amekiri kwamba familia ya Boiardo ni mojawapo ya chemchemi za hadithi yake. Zile sanamu zinasema jambo. Mtaani mtu hakuhitaji kujichonga ili ajulikane. Alijulikana kwa kupita tu. Anayesimamisha sanamu yake kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta tayari amewapoteza waliokuwa wakimwamkia. Miaka ya 1950 serikali ilibomoa sehemu kubwa ya First Ward na kupandisha maghorofa ya Columbus Homes. Mikopo ya nyumba, iliyodhaminiwa na serikali na kunyimwa Weusi kwa utaratibu, iliwafungulia Waitaliano milango ya vitongoji. Julai 1967 Newark iliwaka moto, na watu 26 wakafa. Meya Hugh Addonizio alitiwa hatiani mwaka 1970 kwa kuwakamua makandarasi wa miradi ya mji, na mtoto wa Boiardo alishtakiwa katika kesi hiyo hiyo. Mwaka huo huo Kenneth Gibson akawa meya wa kwanza Mweusi wa Newark. Genge lilibaki na madai juu ya mji ambao halikuishi tena ndani yake.

Likabaki na nini mkononi? Taka na ujenzi. Tony Soprano, yule mwanamume wa kwenye gari, akiulizwa kazi yake hujiita mshauri wa masuala ya taka, na hilo halikutungwa hewani. Katika uzoaji taka wa New York na New Jersey, mteja alihesabiwa kuwa mali ya kampuni inayomzolea. Kampuni nyingine ikimchukua, ililazimika kulipa fidia, na aliyepatanisha alikuwa mtu wa genge. Kwenye ujenzi, chama cha vibarua kiliwapa jamaa mishahara bila kuonekana kazini, yaani wafanyakazi hewa. Biashara hizi zilidumu kwa sababu zilikuwa bado mikononi mwa kampuni ndogo za baba na mwana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni kubwa ya kitaifa ilipoingia soko la taka la New York, kichwa cha mbwa kilichokatwa kiliachwa nyumbani kwa mmoja wa mameneja wake. Mwenye duka wa First Ward angeelewa na kunyamaza. Kampuni ile ilishirikiana na wapelelezi, na Juni 1995 kampuni za taka, wakuu wake na vyama vyao wakafikishwa mahakamani. Tamthilia inalieleza jambo hili kwa tukio dogo la msimu wa 6. Watu wawili wa Tony wanaingia kwenye mkahawa wa kahawa wenye matawi nchi nzima, wanadai pesa za ulinzi, na meneja anawajibu kwa upole kwamba hana senti ya kuwapa: kila punje ya kahawa inahesabiwa makao makuu. Wakitishia kuvunja vioo, kampuni haitasikia hata maumivu. Wanatoka wamenywea, wasijue wamtishe nani.

Kuhama mtaa kuliwaponza kwa njia nyingine pia. Siri ya mtungi muulize kata, na kata ya mafia ilikuwa maisha ya kawaida ya ofisi na nyumba. Sam DeCavalcante, aliyeongoza genge kuu la New Jersey, alikuwa na biashara ya mabomba ya maji huko Kenilworth, na kati ya 1961 na 1965 FBI ilimtegea vinasa sauti ofisini. Mwaka 1969 zaidi ya kurasa 2,000 za mazungumzo hayo ziliwekwa hadharani mahakamani. Waliotarajia damu waliikuta, lakini walikuta pia mzee anayehangaika na wafanyakazi wavivu, ugomvi wa wasaidizi wake na mapenzi ya siri na katibu wake. Kabla hata Tony hajabuniwa, umbo la hadithi yake lilikuwa limeshachapwa na serikali. Na msimu wa 3 wa tamthilia, wa mwaka 2001, unafunguka na FBI wakitega kinasa sauti ndani ya taa, chini kabisa ya jumba la North Caldwell. Muda si mrefu Meadow, binti wa Tony, anaitamani taa hiyo na kuondoka nayo kwenda chuoni. Kazi yote ya wapelelezi inaharibiwa na mtoto anayetafuta mwanga wa kusomea.

Wapo watakaosema kwamba nyumba haina hatia hapa, kwamba mafia ilivunjwa na sheria. Wana ushahidi mzito. Sheria ya RICO ya mwaka 1970 iliruhusu genge zima kushtakiwa kama taasisi moja, na kesi ya wakuu wa magenge ya New York, iliyoisha Novemba 1986, iliishia kwa vifungo vya miaka 100. Siipuuzi hoja hiyo. Lakini sheria haifungi mtu bila shahidi, na kwa miongo mingi mashahidi hawakupatikana. Mtu aliyezaliwa First Ward akisaliti, mama yake angeendelea kuishi ngazi moja na mama wa aliyesalitiwa. Aliyehamia kitongojini hana deni hilo kwa jirani. Ana deni la benki, ada za watoto na mke aliyezoea raha. Vincent Palermo, aliyekuwa akikaimu uongozi wa genge la DeCavalcante, alikamatwa mwaka 1999 na akageuka shahidi wa serikali. RICO ilikuwa shoka, sawa, ila shoka lilikuta mti umeshakauka mizizi.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi: kwamba hadithi hizi zinawapaka matope mamilioni ya Wamarekani wenye asili ya Italia, ambao wazee wao walichimba mitaro na kujenga makanisa. Uchungu huo ni wa haki. Hata tamthilia inaukubali: katika sehemu ya kwanza Tony anampeleka binti yake kwenye kanisa ambalo babu aliyetoka Italia alishiriki kulijenga kwa mikono, na kimya cha humo ndani kinamsuta. Lakini kuficha si kutetea. Mwaka 2000 mkuu wa kaunti ya Essex, James Treffinger, alikataza tamthilia hiyo kupiga picha kwenye ardhi ya kaunti kwa sababu ya heshima ya Waitaliano. Mwaka 2003 yeye mwenyewe alikiri mahakamani makosa ya ufisadi. Historia ya mahali inadai tutaje pia waliokaa ofisini na kupokea, maana kona bila ofisi isingefika mbali.

Na kwamba ni hadithi ya kubuni tu? Machi 1999, miezi miwili baada ya tamthilia kuanza, vinasa sauti vya FBI viliwanasa watu wa genge la DeCavalcante ndani ya gari wakiulizana kama wale wa kwenye televisheni ni wao. Walijitambua, na si kwa mauaji tu, bali kwa udogo wa mambo. Sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa tarehe 10 Juni 2007, inafunga hesabu hiyo. Mkubwa mmoja wa genge la New York anatembea akizungumza kwenye simu, na baada ya hatua chache tu anashangaa kujikuta kati ya maduka ya Wachina: Little Italy imekwisha kabla ya maongezi yake. Tony naye anamtembelea Junior, ami yake, katika nyumba ya wagonjwa wasio na uwezo. Anamkumbusha kwamba yeye na baba yake Tony waliitawala New Jersey kaskazini yote. Mzee, ambaye akili imeshamtoka, anasikiliza kama anayesimuliwa habari za watu wengine, anasema kwamba hilo ni jambo zuri, kisha anageukia dirisha.