Mwanagenzi na Mfumo Huria wa Kompyuta

Kijana usomaye insha hii, yawezekana siku moja utaletewa kompyuta kuukuu iliyotumiwa na wengine miaka mingi kabla yako, na utaambiwa kuwa haifai tena. Chuma chake ni kizima na kioo chake chang'aa, lakini mfumo unaoiendesha umekwisha muda wake. Jambo hili si la kubuni. Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha utoaji wa kawaida wa marekebisho ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizokuwa na mfumo huo hazikutimiza masharti ya mfumo uliofuata. Mwenye kompyuta ya namna hiyo aghalabu hupewa shauri na wajuao kwamba aweke Linux, mfumo upatikanao bila malipo. Naye akikubali, mara hukabiliwa na swali lililo gumu kuliko la kwanza: Linux ipi? Maana matoleo yake ni mamia, na kila moja lina watu waliapiao. Ili upate kuchagua, yafaa kwanza ujue matoleo hayo yalitoka wapi, na kwa nini mengi katika hayo hayakutengenezwa kwa ajili yako.

Habari hii yaanzia Marekani, katika chuo cha MIT. Hapo alifanya kazi mtaalamu mmoja, Richard Stallman, aliyezoea kuishi na watu waliopeana programu kama majirani wapeanavyo moto wa kupikia. Siku moja ikaletwa mashine ya kuchapishia ambayo karatasi zake zilikwama kila mara. Stallman alitaka kuibadili programu yake ili iwaarifu watu karatasi zinapokwama, kazi ambayo alikwisha kuifanya katika mashine iliyotangulia. Lakini alipoomba maandishi ya asili ya programu hiyo alinyimwa. Aliyekuwa nayo alikuwa amekula yamini ya kutompa mtu. Jambo dogo, utasema. Lakini tarehe 27 Septemba, 1983, Stallman alitangaza kuwa atauunda mfumo mzima, uitwao GNU, ambao kila mtu atakuwa na haki ya kuutumia, kuuchungua, kuubadili na kuwagawia wengine. Mwaka wa 1989 haki hizo ziliandikwa katika leseni ijulikanayo kwa herufi GPL.

Ulipofika mwaka wa 1991, sehemu nyingi za mfumo huo zilikuwa tayari, ila kiini chake hakikuwako. Kiini ndicho kisemacho na chuma cha kompyuta chenyewe. Kikatoka mahali pasipotazamiwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchi ya Ufini, jina lake Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliwaarifu wenzake tarehe 25 Agosti kwamba anatengeneza kitu kwa kujifurahisha tu, wala hakitakuwa kikubwa. Mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GPL, na watu wa nchi mbalimbali wakaanza kukirekebisha. Leo kiini hicho kimo ndani ya kila simu ya Android.

Lakini kiini peke yake ni kama injini iliyolazwa chini: haina usukani, wala magurudumu, wala kiti. Ilipasa watu wakusanye kiini pamoja na programu nyinginezo, wazifunge pamoja, kisha wazigawe. Mkusanyo huo ndio uitwao toleo. Slackware ilitoka Julai 1993, na Debian ikatangazwa mwezi uliofuata na Ian Murdock, aliyelifanya jina hilo kwa kuliunganisha lake na la mchumba wake Debra. Matoleo haya mawili yangali hai.

Usidhani kuwa kuyaweka katika kompyuta siku hizo kulikuwa kazi ya mwanagenzi. Mtu alihitaji rundo la diski ndogo, moja baada ya nyingine, na moja ikiharibika kazi yote ilisimama. Alipaswa kuigawa diski kuu ya kompyuta kwa amri za maandishi, na kuzijua tarakimu za kioo chake. Aliyekosea tarakimu hizo aliweza hata kukiharibu kioo. Akiuliza swali, mara nyingi alijibiwa aende akasome. Mimi siwalaumu sana waliojibu hivyo. Walikuwa wametengeneza chombo kwa ajili yao wenyewe, na ni nani ajengaye nyumba yake kwa kukisia kimo cha mgeni asiyemjua? Hata hivyo tokeo lake lilikuwa la ajabu: mfumo ambao kwa sheria ulikuwa mali ya watu wote, kwa kweli ulikuwa mikononi mwa wachache.

Waliougeuza mwendo huo hawakuwa wengi. Mwaka wa 1996 Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Kijerumani, alianzisha KDE, ili mtu asiye fundi apate madirisha na vitufe vyenye mpango mmoja badala ya kila programu kuwa na sura yake. Mwaka wa 1998 Mfaransa Gaël Duval aliichukua KDE, akaiunganisha na toleo la Red Hat, akatoa Mandrake. Wengi wasiokuwa wataalamu waliingilia hapo. Kisha mwaka wa 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix, iliyofanya kazi kutoka katika CD bila kuigusa diski ya kompyuta. Jambo hili, kwa maoni yangu, lilimfaa mwanagenzi kuliko mapambo yote, kwa kuwa adui yake mkubwa ni hofu ya kupoteza alichonacho. Mimi mwenyewe, katika haraka ya ujana, niliulizwa na kompyuta kama diski nzima ifutwe, nikajibu ndiyo bila kusoma, zikapotea barua na picha za miaka minne.

Mwezi wa Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alikuwa amepata utajiri kwa kuuza kampuni yake, na mwaka wa 2002 alikwenda katika kituo cha angani kwa gharama yake mwenyewe. Jina la toleo hilo halihitaji kufasiriwa sana kwetu: ubuntu wa lugha za Kinguni ni ndugu wa utu wa Kiswahili, na wazo lake ni lile lisemwalo na wazee wetu kuwa mtu ni watu. Hadi mwaka wa 2011 aliyetaka aliletewa CD kwa posta bila kulipa, hata gharama ya stempu. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilikuwa kimeshughulika kuitafsiri programu huria ya kazi za ofisi, ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Hivyo mwanagenzi wa Afrika Mashariki aliweza kuandika barua akisoma amri za Kiswahili mbele yake.

Sasa nakusihi ulitazame jambo moja kwa makini. Mwaka wa 2012 toleo jipya la Ubuntu lilianza kuyapeleka nje maneno ambayo mtu aliyaandika akitafuta kitu ndani ya kompyuta yake mwenyewe, ili aonyeshwe bidhaa za duka la Amazon. Stallman aliupinga mtindo huo hadharani, akauita upelelezi. Wengine walimwona mkali kupita kiasi. Ulipofika mwaka wa 2016 mtindo huo ulizimwa, usifanye kazi ila mwenye kompyuta autake. Fikiri ni nani angedhurika zaidi. Fundi aliweza kuuzima kwa dakika moja. Mwanagenzi hakujua hata kuwa upo, kwa sababu hajui pa kutazama. Aliokolewa na macho ya watu wengine walioweza kuuchungua mfumo na kupiga kelele. Kwa hiyo wasemao kuwa uhuru wa programu ni shughuli ya mafundi, na kwamba mwanagenzi atafute wepesi tu, nadhani wamekosea. Yeye ndiye auhitajiye zaidi.

Katika miaka hiyo wengi waliochukizwa na mabadiliko ya sura ya Ubuntu walihamia Linux Mint, toleo lililoanzishwa mwaka wa 2006 na Clement Lefebvre. Limejengwa juu ya kazi ya Ubuntu, nayo Ubuntu juu ya kazi ya Debian. Hivyo atumiaye Mint leo amekalia mabega ya wale mafundi wakali wa mwaka 1993. Sura yake haimshangazi aliyezoea Windows, maana orodha ya programu i chini kushoto, pale pale mkono ulipozoea kwenda. Ukiniuliza mimi, ningekushauri uanze na hilo: Cinnamon kwa kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 au zaidi, na Xfce kwa iliyo dhaifu. Lakini ikiwa jirani yako au mwalimu wako atumia Ubuntu, chukua Ubuntu ya muda mrefu, itolewayo kila baada ya miaka miwili na kutunzwa kwa miaka mitano. Mtu wa kumwuliza ana thamani kuliko sura ya kioo. Wala usione haya mtu akikuambia kuwa hayo ni matoleo ya watoto; mwulize yeye alianza na lipi.

Kabla ya yote, nakili maandishi yako yote mahali pengine. Kisha litie toleo katika flashi, uiwashe kompyuta kwa flashi hiyo, ukae nalo siku nzima bila kuigusa diski. Jaribu intaneti, sauti na mashine ya kuchapishia. Ikiwa moja haifanyi kazi, jaribu toleo jingine. Kama zote zafanya kazi, endelea, nawe utakapoulizwa kama diski nzima ifutwe, soma swali hilo mara mbili.