4P za masoko: Matangazo pekee hayaleti wateja

Unaposti biashara yako kila siku, laiki zipo, lakini wanunuzi hawaji? Huenda tatizo si tangazo.

Mwaka 1960, msomi wa masoko wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aligawa kazi ya masoko katika mambo manne. Yanaitwa 4P kwa sababu majina yake ya Kiingereza yote yanaanza na herufi P. Tuyaone kupitia M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya mwaka 2007.

1. Bidhaa: Inatatua shida gani? Watu wa mjini walitaka kutuma pesa kijijini haraka na salama. Huduma ilifanya kazi hata kwenye simu ya kitochi.

2. Bei: Kujisajili na kuweka pesa ilikuwa bure. Unakatwa ukituma au ukitoa.

3. Mahali: Mawakala walikuwa kwenye maduka ya kawaida, karibu na watu.

4. Promosheni: Matangazo yalibeba ujumbe mmoja mwepesi: tuma pesa nyumbani.

Sasa mwondoe wakala wa kijijini. Mama anapata meseji, pesa imeingia, ila hana pa kuitoa. Hapo tangazo zuri kiasi gani lingesaidia?

Kwa hiyo kabla hujalipia tangazo, jiulize: mteja anaihitaji bidhaa yangu? Bei anaimudu? Anaipata kirahisi? Jibu moja likiwa hapana, anza kurekebisha hapo. Vinginevyo, mtaji wako mdogo utaishia kwenye matangazo.